Siku Pampu ya Mjomba Iliponikosesha Harusi

Nimeshawacheka wenzangu sana kwenye vikao vyetu, kwa hiyo ni haki na mimi nichekwe, ila naomba mnicheke taratibu, maana aibu yangu haikunipata chumbani, ilinipata katikati ya uwanja wa ndege wa Toronto, mchana kweupe, mbele ya nusu ya Watanzania wa Thorncliffe Park waliokuja kunisindikiza, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ilinipata kwenye jambo ambalo pale kazini mimi ndiye niliyelijua kuliko wote.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha pampu kule Agincourt, pembezoni mwa Toronto, si kiwanda kikubwa, ukisimama mlangoni unaona mpaka ukuta wa nyuma, lakini pampu zake zilikuwa zinakwenda mbali. Hazikuwa pampu za maji. Ndani zilikuwa na utando wa plastiki ngumu ili tindikali isile chuma, na wateja wetu wengi walikuwa Asia, wenye viwanda vya rangi, vya mbolea, vya ngozi. Sasa pampu ya namna hiyo ina balaa lake, kwa sababu ile inayosukuma dawa ya kulainisha ngozi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kusukuma vitu vya kutengenezea silaha za sumu, na miaka ile Iraki ilikuwa imewekewa vikwazo, na serikali ya Kanada haikutaka kabisa kusikia kwamba pampu imetoka kwetu, ikauzwa Dubai, halafu ikavushwa kimya kimya ikaishia isikotakiwa. Kwa hiyo kila pampu ilihitaji kibali kabla ya kutoka nchini, na hupati kibali mpaka ueleze mtumiaji wa mwisho ni nani, yaani si yule anayelipa tu, bali yule ambaye pampu itakaa kwake na kumfanyia kazi.

Kazi ya kuuliza maswali hayo ilikuwa yangu. Nampigia mtu Karachi, nampigia mwingine Jakarta, namuuliza, "Mtumiaji wa mwisho ni nani? Na ikitoka kwako inakwenda wapi?" Wengine walikuwa wanachukia. "Sista, hii ni pampu tu," wananiambia, na mimi najibu kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Bwana, hakuna kitu kinachoitwa pampu tu." Bosi wetu, Don, Mkanada mrefu mpole anayetembea ameinama kidogo kama anaogopa kugonga dari, aliipenda sana sentensi hiyo, akanipa kazi ya kuwafundisha wafanyakazi wengine, na wiki ile ile ya safari yangu nilikuwa nimewasimamisha watu wa stoo na wa mauzo, nikawahubiria habari za vikwazo na vibali mpaka mmoja akasinzia. (Nilimwamsha. Nilimwambia siku yakimkuta atanikumbuka.)

Safari yenyewe ilikuwa ya Tanga, kwenye harusi ya mdogo wangu Athumani. Mimi ndiye dada mkubwa, baba yetu alishafariki, kwa hiyo mambo mengi yalikuwa yananisubiri mimi, na kubwa kuliko yote nilikuwa nimemnunulia bibi harusi gauni jeupe la lesi huku huku Toronto, likakunjwa vizuri sandukuni. Tiketi niliyoipata inapitia London, halafu Dubai, ambako nilikuwa nilale usiku mmoja, ndipo niende Dar. Basi wiki moja kabla, Mjomba Sefu, kaka yake mama, ambaye analima machungwa Muheza, akapiga simu kusema kisima chake kina maji lakini mgongo wake hauna nguvu tena ya kuvuta ndoo, na kwa kuwa mimi nafanya kazi kwa watu wa pampu, je, sitampatia ndogo tu?

Nikamwambia Don, nikitegemea atanielekeza duka la bei nafuu. Don akaingia stoo akatoka na pampu ndogo, kama sufuria ya wali wa watu wachache, iliyorudi kutoka kwenye maonyesho ikiwa na mkwaruzo. "Chukua, Mwanaisha, mpelekee mjomba wako," akasema. "Hapa inakula vumbi tu." Nilifurahi mpaka nikamkumbatia, na haki ya Mungu, kibali hakikunipitia akilini hata kidogo. Sijui niwaeleze vipi. Kichwani mwangu pampu za kazini zilikuwa bidhaa, na hii ilikuwa zawadi. Nikaifunga kwenye khanga, nikaitia kwenye sanduku.

Siku ya kuondoka mnajua wenyewe watu wetu walivyo, mtu mmoja anasafiri, magari matano yanakwenda uwanjani. Mbele ya wote alikuwa jirani yangu Mama Rehema, anayekaa ghorofa ya chini yangu, mtu wa Dar, mkarimu ajabu lakini anapenda kujisifu kidogo. Alikuwa amenipa furushi limefungwa gundi kila upande, la kumpelekea dada yake Dar, na njia nzima anawaambia watu kwamba mle ndani mna manukato ya gharama, ya Kifaransa, hivyo nishike taratibu.

Tukafika kaunta, sanduku likazidi uzito. Dada wa kaunta akaniambia nipunguze. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: badala ya kupunguza viatu, au zile sabuni za kufulia nilizombebea mama kana kwamba Tanga hakuna sabuni, nikaitoa pampu na khanga yake, nikaihamishia kwenye begi la mkononi. Nikaaga watu, nikapigiwa vigelegele, nikaenda kwenye mashine ya kumulikia mizigo, ambayo wakati ule wasindikizaji walikuwa wanaiona vizuri kupitia kioo.

Begi likaingia, halikutoka. Bwana wa mashine akalirudisha nyuma, akaliangalia tena, akamwita mwenzake.

"Mama, hiki cha chuma ni nini?"

"Pampu."

"Pampu ya nini?"

Jamani, ningesema ya kisima, ningekuwa nimekula pilau ya harusi. Lakini mimi ni mtaalamu, na mtaalamu akiulizwa swali la fani yake anakaa sawa. "Ni pampu ya kusukumia tindikali," nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri cha kazini.

"Tindikali?"

"Ndiyo, ila kwa sasa haina."

Yule bwana akanitazama. "Unaipeleka wapi?"

Na mimi, kwa kuwa pasi za kupandia ndege zilikuwa mkononi na ya pili ndiyo niliyokuwa naisoma, nikajibu, "Dubai."

Nikaambiwa nisimame pembeni. Hata hapo sikushtuka, nikawa natabasamu tu, nikampungia Mama Rehema mkono kupitia kioo kumwonyesha kwamba mambo ni shwari. Akaja afisa wa forodha, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, mtulivu, hana haraka wala hana ukali. Akaigeuza pampu, akaangalia ndani, akasoma kile kibati chenye jina la kiwanda. Nikaona nimsaidie. "Nazijua hizi sheria, mama," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayezifundisha kiwandani kwetu."

"Vizuri sana," akasema. "Basi naomba kibali chake."

Hapo ndipo kibali kiliponijia akilini kwa mara ya kwanza. Nilifungua mdomo, na nilichokisikia kikitoka, kwa sauti yangu mwenyewe, ni, "Lakini hii ni pampu tu."

Alivua miwani. "Mtumiaji wa mwisho ni nani?" akauliza. Swali langu lile lile, hata mpangilio wa maneno.

"Mjomba wangu."

"Yuko Dubai?"

"Hapana, yuko Muheza. Ni Tanzania. Dubai nalala tu."

"Anafanya kazi gani?"

"Analima machungwa."

"Na tindikali anaifanyia nini kwenye machungwa?"

Nilianza kumweleza habari za kisima na mgongo wa mjomba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi inavyosikika, kwa sababu nimeshapokea simu za watu wa aina hiyo, mtu anayeanza na kiwanda cha ngozi akamalizia na shemeji yake, na mimi huwa nawanyima. Yule afisa akaandika, akasema kwa upole kwamba itabidi sanduku langu kubwa lirudishwe likaguliwe, na kwa kuwa chumba chao cha ukaguzi kilikuwa na watu wengine, akanitoa nje, kwenye meza ndefu iliyokuwa kando ya kaunta, pale pale walipokuwa wamesimama wasindikizaji wangu wote.

"Kuna nini, Mwanaisha?" Mama Rehema akauliza.

"Kaguzi la kawaida," nikasema (hata Kiswahili kilikuwa kimenikimbia).

Likafunguliwa sanduku. Likatoka gauni la bibi harusi, likatandazwa mezani kama maiti ya lesi. Zikatoka sabuni za mama. Kisha likatoka furushi la Mama Rehema, na afisa akaniuliza kama nimelifunga mwenyewe, nikasema hapana, akauliza lina nini, nikasema manukato, akachukua kisu kidogo akakata gundi. Hakukuwa na manukato. Kulikuwa na nguo za mtumba zilizofuliwa na kupigwa pasi vizuri, na juu yake visabuni vidogo vidogo vya hotelini na vichupa vya shampuu, vyote vina jina la hoteli ambako Mama Rehema alikuwa anafanya usafi wa vyumba. Yule afisa, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akavipanga kimoja kimoja mezani.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kuogea," nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama Rehema alikuwa anaangalia juu, kwenye taa, na mtandio wake ameushika kidevuni, na mimi ndipo nilipoelewa kwamba aibu yangu imeshaanza kuwaangukia watu wasiohusika. Nilimfuata nikamwambia, "Dada, nisamehe." Akasema, "Endelea na mambo yako, mama," akageuka akaenda kwenye gari.

Wakampigia Don. Alikuja mbio akiwa bado na koti la kiwandani, uso mwekundu, akamwambia afisa kwamba pampu ni yake, ameitoa yeye, mimi sina kosa. Afisa akamuuliza kama hajui kwamba hata zawadi inahitaji kibali. Don akanigeukia mimi, kwa mazoea tu, kama anavyofanya kazini akiulizwa swali la vibali, halafu akakumbuka tulipo, akainamisha kichwa. Tulikaa sote wawili tumeinamisha vichwa kwenye benchi moja, na ndege yangu ikaondoka tukiisikia ikitangazwa.

Kumpigia mama simu ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Nikamweleza kwamba sitawahi, na kwa nini. 

"Yaani serikali ya huko inaogopa sumu," akasema taratibu, "kwenye kisima cha Sefu?"

"Si kisima, mama, pampu."

"Na gauni?"

Gauni lilikuwa mapajani mwangu.

Athumani alifunga ndoa bila mimi. Bibi harusi, Mungu ambariki, aliazima gauni kwa binamu yake na nimeambiwa lilimkaa vizuri kuliko hata lile langu. Nafasi nyingine kwenye ndege ilipatikana siku kadhaa baadaye, nikalifikisha Dar furushi la Mama Rehema, nikafika Tanga wakati wanarudisha viti vya kukodi na sufuria, nikapokelewa vizuri tu, ila kila mgeni aliyekuja kunisalimia alianza kwa kuuliza habari za pampu. Mjomba Sefu naye alikuwa na pampu yake tayari. Athumani alikuwa amemnunulia dukani mjini, ya maji, ya kawaida, na ilikuwa inafanya kazi.

Niliporudi Toronto nilikwenda kazini nikiwa na barua ya kuacha kazi mkobani. Serikali ilikuwa imeshatuma onyo kwa kiwanda na pampu ikabaki kwao, lakini waliamini kwamba ni uzembe, si ujanja. Don hakuipokea barua. Alichotaka ni kwamba mafunzo yaendelee, na kila nikifundisha nianze na mkasa huu, yeye akiwa amekaa mstari wa mbele ili naye aumie. Nilikubali kwa shingo upande. Hakuna aliyesinzia tena.

Mama Rehema ilimchukua miezi mingi kunisamehe. Tulikuwa tunakutana kwenye lifti, ananiitikia salamu huku anaangalia namba za ghorofa. Ikawa siku moja ya Idi akagonga mlango wangu na bakuli la biriani, akakaa, akaniambia, "Unajua dada yangu alivipenda sana vile visabuni? Anaviweka kabatini, hataki hata kuogea." Tukacheka mpaka tukalia, na nadhani kulia kwenyewe ndiko kulikotangulia.

Tangu siku ile ya uwanja wa ndege nimeapa. Nikisafiri nafunga sanduku langu peke yangu, mapema, nimekaa sakafuni mlango umefungwa, na kila kitu nakishika mkononi kwanza najiuliza: hiki ni nini hasa, kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani, na akikipata atakifanyia nini. Watoto wangu wananiona kama nimechanganyikiwa. Mimi sijali, kitu nisichokuwa na jibu lake hakipandi ndege na mimi, hata kama ni cha mjomba, hata kama ni cha mama yangu mzazi.