Kichwa cha Mlangoni

Wanaosema muuguzi ni mama wa wagonjwa, haya, waseme. Mama gani ana watoto hamsini na mikono miwili? Miaka ile ya sabini, nilipokuwa muuguzi Arua, madaktari wengi walikuwa wameondoka na dawa zilikuja kwa kudra. Wodi ya wanawake ililaza wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Majina hatukuyaweza. Tuliita "kichwa cha mlangoni" na "kichwa cha dirishani", na kadi ya kila mmoja ilitundikwa msumarini upande wake.

Kitanda cha tatu, mlangoni, alilala bibi Mnubi wa Koboko mwenye ugonjwa wa mapafu. Tulimwita haboba, kama wajukuu zake walivyomwita. Alichomwa penisilini kila asubuhi. Dirishani alikuwa mke kijana wa mkulima, mgonjwa wa malaria. Kadi yake ilikuwa na maandishi mekundu: asichomwe penisilini kamwe, iliwahi kumvimbisha koo.

Asubuhi moja nilikuwa peke yangu. Mwenzangu aliumwa, na mkuu wa wodi, aliyeshika ufunguo wa kabati la dawa za dharura, alikuwa ameitwa leba. Nilichemsha sindano, nikapita kitanda kwa kitanda. Kusema kweli, siku zile sikutibu watu, nilitibu matako. Kitanda cha tatu, mlangoni, nilifunua kitenge, nikachoma, nikasonga mbele.

Nilikuwa kitanda cha sita haboba alipopiga kelele: "Sista! Huyu mutoto hapana pumua!"

Sauti ilitoka dirishani. Loo! Nilielewa kabla sijageuka.

Alfajiri haboba alikuwa ameona miguu yake inaelekea kibla. Akaona haya mbele ya Mungu wake, akamwomba mwenzake wabadilishane. Yule binti akakubali kwa adabu. Kadi zikabaki kwenye misumari yake.

Nilituma mtu mbio leba. Ufunguo ulipofika, binti alikuwa amekwishakata roho, mkono wake bado umeng'ang'ania aproni yangu.

"Ajali haina kinga," mkuu wa wodi alisema, akaitazama mikeka ya wagonjwa iliyojaa sakafuni. "Malizia sindano."

Nikamalizia. Haboba nilimchoma yake, na safari hii nilimtazama uso.

Sikulia. Nilikuwa na hasira tu, kwa mwenzangu aliyeumwa, hata kwa marehemu, kwamba alichomwa asiulize. Aibu ilikuja baadaye. Mimi mwenyewe nasali. Nilijua kibla kiko upande gani, na bibi kama yule asingelala hivyo akiwa na nguvu za kugeuka.

Haboba alipona. Siku ya kuruhusiwa alinifuata hadi kwenye meza ya dawa.

"Sista, mimi ndiyo niliua ule mutoto. Mimi nilisema tugeuke."

Nilipaswa kumwambia kwamba alichofanya si kosa. Kwamba kuuliza jina kulikuwa kazi yangu, na sikuuliza. Maneno hayo yasingemaliza dakika. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nikajiambia sina nafasi.

"Ni mapenzi ya Mungu, haboba," nikamjibu.

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua ndefu, Mungu anilipe kwa kazi yangu njema. Nikaitikia amina, naye akapanda lori kurudi Koboko na kosa langu.