Kopo la Soda Kwenye Krenki ya Baba Mkubwa

Kuna aibu ambazo ni afadhali mtu azisimulie mwenyewe kabla watu hawajamsimulia, na hii yangu ni ya namna hiyo, kwa sababu nusu ya Kisarawe ilikuwepo na nusu iliyobaki imeshahadithiwa. Kwa kifupi, nilimwangusha Baba Mkubwa wangu kwenye baiskeli, mbele ya wafanyakazi wenzake wote, siku yake ya mwisho kazini, na chanzo kilikuwa kipande cha kopo la soda.

Baba Mkubwa Ramadhani ni kaka yake baba. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja pale Kisarawe tangu ujana wake, na siku ya kwanza kuripoti kazini alifika na baiskeli ya resi, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ambayo aliinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Baiskeli hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka mimi shule ya msingi, maana nililelewa kwake, nimekaa kwenye bomba huku begi langu likining'inia shingoni mwake, na kwenye mlima wa kwenda nyumbani alikuwa hashuki, anasimama kwenye pedeli na kunyonga mpaka juu akiniambia nishike vizuri. Sasa wakati wa kustaafu ulipofika, wenzake wakamwuliza anataka aagwe vipi, akasema jambo moja tu.

"Niliingia hapa na baiskeli, nitatoka na baiskeli. Magari yenu bakini nayo."

Shida ni kwamba baiskeli ilikuwa inalia. Kila pedeli ikizunguka, kok, kok, kama mtu anabisha hodi. Krenki (ile mikono miwili inayobeba pedeli) zilikuwa za zamani, za kushikwa na pini, na pini zimeshalika. Fundi Kondo, ambaye ana kibanda mkabala na ofisi na ameitunza baiskeli hiyo miaka yote, alisema ailete atamtazamia. Hapo ndipo nikadakia mimi.

"Baba Mkubwa, niachie. Hiyo itakuwa zawadi yangu."

(Nieleweni vizuri hapa. Nina shahada ya takwimu, sina kazi, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kitu pekee ninachoweza kukikamilisha hapa duniani ni barua ya maombi ya kazi. Nilitaka mtu mmoja aone nimefanya kitu kikafanyika.)

Baiskeli ikaletwa kwetu Kibaha, Picha ya Ndege, kwa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Nikapata krenki za mtumba, nyepesi, zinang'aa kama vijiko vya wageni. Ila krenki za namna hiyo hazitumii pini, zina tundu la mraba ambalo linabanwa kwenye ncha ya mraba ya ekseli, ile inayopita kwenye bomba la chini la fremu, kwa hiyo ilibidi nibadilishe ekseli pamoja na vikombe viwili vinavyoishika kila upande na gololi zake. Nikaanza kusoma. Jamani, nilisoma. Nikajua kuwa vikombe vya Kiingereza na vya Kitaliano havilingani nyuzi (ile mikato ya kuzungushia, kama ya bolti), kwamba kikombe cha kulia kwenye vile vya Kiingereza kinafungwa kinyume na ulivyozoea, kwamba ekseli ikizidi urefu cheni inakaa upande na ikipungua krenki inagonga fremu, na usiku nikawa naota bomba. Nilipima kwa futi ya mama ya kushonea, nikapima kwa rula, nikaazima kifaa cha kupimia kwa fundi wa mageti, nikapima mara sita na kutafuta wastani (shahada lazima itumike mahali). Vipimo vilijaza kurasa nne za daftari.

Siku ya kwenda dukani Maili Moja nilikuwa natokea kwenye usaili, nimevaa blauzi nyeupe. Asubuhi kabla ya kutoka niliziangalia zile krenki, zina grisi, nikajiuliza nizibebe au nisizibebe, nikazifunga kwenye mfuko, nikazifungua, nikasema nina vipimo, ya nini kubeba chuma. Nikaziacha kibarazani. Uamuzi huo ulichukua kama dakika mbili na ndio uliozaa mengine yote.

Mama mwenye duka la vipuri aliniangalia mikono kwanza.

"Sampuli iko wapi?"

Maana kila mtu anajua, duka la vipuri unakwenda na kitu chenyewe mkononi, kimefungwa gazeti, kinachuruzika oili. Mimi nikatoa daftari.

"Nina vipimo, mama."

Akasoma ukurasa wa kwanza. Akafunua wa pili. Akavua miwani.

"Mwanangu, hii ni baiskeli au meli?"

"Baiskeli, mama."

"Basi rudi kachukue hizo krenki zako tuje tujaribishe hapahapa kwenye kaunta. Ekseli ina mambo yake."

"Vipimo vimekamilika."

"Haya. Ikikataa usije ukasema mimi."

Ilikubali, na hilo ndilo lililonimaliza. Vikombe viliingia kama vimezaliwa humo, cheni ikakaa katikati, nikakaribia kulia kwa furaha peke yangu uani. Halafu nikafunga krenki ya kushoto. Ikaingia, ikaendelea kuingia, bolti ikafika mwisho, na bado nikiitikisa inacheza kidogo, kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kutoka. Nikakimbilia daftari. Urefu upo, upana upo, nyuzi zipo, lakini kuhusu ncha za ekseli, kurasa nne nzima, nilikuwa nimeandika neno moja tu: mraba. Sikuandika mnene kiasi gani.

Mtu mwenye akili zake angerudi dukani. Mimi nikamfikiria yule mama na miwani yake, nikafikiria atakavyosema nilikwambia, nikafikiria sherehe ni keshokutwa na huenda hana ekseli nyingine na huenda nikifungua nitaharibu hata nilichokipatia, nikafikiria mpaka nikapata kiu, nikanunua soda ya chungwa. Ndipo nikakumbuka niliwahi kuona kwenye simu mtu akizungushia kipande cha bati mahali palipolegea. Nikakata kopo, nikazungushia ncha ya ekseli, nikagonga krenki kwa nyundo, nikakaza bolti. Kimya. Haitikisiki. Nikaiendesha barabara ya mtaani kwetu, raundi kumi, na raundi zote kumi haikulia hata mara moja.

Tatizo ni kwamba mtaa wetu ni tambarare. Kisarawe ni vilima. Mimi niliyepima bomba mara sita, mlima haukunijia kichwani hata mara moja.

Siku ya siku palikuwa na turubai, viti vya plastiki na harufu ya pilau. Mshereheshaji alikuwa Shomari, kijana wa ofisi hiyohiyo, ambaye ukimpa kipaza sauti humwoni tena akikiachia.

"Wageni waalikwa," akasema, "baiskeli mnayoiona imetengenezwa kwa mikono ya binti yake mwenyewe, msomi wetu kutoka Kibaha. Injinia, simama tukuone."

Ningesema mimi si injinia ningekuwa salama. Badala yake nilipokea kipaza sauti nikawaeleza watu wenye njaa kuhusu nyuzi za Kiingereza. Nikawaeleza kuhusu wastani. Nikamalizia kwa kusema, na hapa naomba mnisamehe, "Siri ni vipimo." Fundi Kondo alikuwa amekaa mstari wa mbele na kanzu yake, anatazama vidole vya miguu yake, anatikisa kichwa taratibu, nikadhani anakubali.

Baba Mkubwa akakabidhi funguo za masjala. Akapeana mikono na kila mtu, hata wale aliowahi kununiana nao. Akapanda baiskeli, tai imekaa sawa, akatoka getini akinyonga polepole na watu wakamfuata nyuma. Pale nje ya geti barabara inainuka. Akasimama kwenye pedeli, vilevile kama zamani, vigelegele vikapanda, na mimi nikaanza kutabasamu.

Kok.

Krenki ya kushoto ilichomoka nzima na pedeli yake, Baba Mkubwa akabaki anakanyaga hewa, baiskeli ikayumba mara mbili kisha ikamlaza taratibu, kwa adabu kabisa, ndani ya ua wa majani. Nikatimua mbio kumwokoa. Nilikuwa nimevaa dera refu jipya, nikakanyaga pindo, nikaanguka kabla sijamfikia, kwa hiyo ukoo mzima tukawa chini. Na Shomari, ambaye kipaza sauti bado kilikuwa mkononi, akainama akaokota kitu kinachong'aa barabarani, akakigeuza.

"Ndugu wageni," sauti ikatoka kwenye spika zote, "hili ni kopo." Akaligeuza tena. "La chungwa."

Kicheko kile bado nakisikia. Lakini nakumbuka zaidi sauti iliyotoka ndani ya majani.

"Zuhura, mwanangu, hujaumia?"

Yeye ndiye alikuwa amelala kwenye ua, na ananiuliza mimi.

Alitoka na mchubuko mmoja wa kiwiko na jani kwenye nywele. Mkuu wake wa kazi akaagiza gari lisogezwe limpeleke nyumbani. Hapo nikaona nimemharibia kabisa, kwamba ataondoka kwa gari baada ya kusema atatoka kwa baiskeli, na nikaanza kulia.

"Gari hapana," akasema Baba Mkubwa akijipangusa. "Kondo yupo. Nitasubiri."

Fundi Kondo akaikusanya kanzu akaifunga kiunoni. Akapapasa ncha ya ekseli kwa kidole gumba, akaingiza kidole hichohicho kwenye tundu la krenki, akaniangalia.

"Mdomo mkubwa, tonge dogo. Dukani ulikwenda nayo hii krenki?"

"Hapana, fundi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimevaa nyeupe."

Akaitazama kanzu yake nyeupe, ambayo ilikuwa imeshapata grisi.

Tukaenda kibandani kwake. Hakupima. Alimwaga kopo la ekseli kuukuu mezani, akachukua krenki akaanza kujaribisha, ya kwanza ikaingia yote, akaitupa, ya pili hivyohivyo, ya tatu ikaingia ikakwama kabla haijafika mwisho. "Umeona? Lazima ikwame njiani, ndiyo bolti iivute." Halafu akachungulia kikombe cha kulia.

"Hiki nani alikufungia?"

"Mimi."

"Kinyume?"

"Kinyume, fundi."

"Hapa wengi wameua fremu." Akanipa spana. "Haya, na hii ekseli ifunge mwenyewe. Mimi nashika tu."

Tuliporudi, watu walikuwa wameshamaliza pilau na Fundi Kondo akawaambia wote kwa sauti kwamba amefunga binti mwenyewe. Shomari akauliza soda ipo wapi safari hii. Baba Mkubwa alikuwa amekaa kibarazani na wenzake, tai amelegeza, anacheka hadithi za mafaili yaliyopotea. Akapanda tena, akasimama kwenye pedeli, na akaumaliza mlima wote bila kugeuka nyuma. Haikulia.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwomba radhi rasmi, nimeandaa maneno kwenye karatasi. Hakuniacha nifike mstari wa pili.

"Siku ile asubuhi," akasema, "nilikuwa sijui nitatokaje pale. Kukabidhi funguo, mara geti, mara kwisha. Niliogopa ule upesi wake. Wewe ukanipa saa nzima nyingine ya kukaa na wenzangu, na sikuwa na faili hata moja la kutafuta."

Nikakunja karatasi yangu.

Kile kipande cha kopo Shomari alinirudishia, nimekibandika kwenye daftari, chini ya lile neno mraba. Na nimeapa kwamba sitakwenda tena dukani na maelezo ya kitu wakati kitu chenyewe kipo nyumbani. Juzi nilikwenda Maili Moja kutafuta kifuniko cha sufuria, nimebeba sufuria. Yule mama wa vipuri aliniona kwa mbali, akainua mkono kunisalimu, na mimi nikainua sufuria.