Lango la Msambweni na Kazi ya Bi Mwanamisi

Nimekosa, jamani. Nasema mapema kabla sijaanza kujipamba, maana kujipamba ndiyo tabia yangu. Nimemfukuzisha kazi mama wa watu, kisha nikapongezwa kwa kazi nzuri!

Mimi ni mtu wa bara. Nilishuka Galu mwaka juzi kushughulikia kompyuta za hoteli moja ambayo siitaji, yenye matawi mawili zaidi, Diani na Msambweni. Nilikuja na kalamu nne mfukoni mwa shati na cheti nilichokitundika ukutani hata kabla sijatandika kitanda. Watu wakinisalimu, nawajibu kwa kichwa.

Aliyenifundisha adabu ni Bi Mwanamisi wa Mwabungo, karani aliyejibu barua za wageni waliotaka vyumba. Hilo si jina lake, ingawa Galu nzima itamjua. Kila asubuhi aliniletea mahamri na mbaazi za nazi, amezifunika kwa sahani. Akiniona naingia kimya, husema, "Mwanangu, shikamoo haikati ulimi." Nikaizoea shikamoo, na mbaazi nikazizoea zaidi.

Sasa kosa lenyewe. Barua pepe ilikuwa kitu kipya kwetu. Katika kila hoteli nilifunga ruta, kile kisanduku kinachoamua barua ipite njia gani. Malango ya kutokea kwenda nje yalikuwa mawili: Diani, jirani yetu kabisa, na Msambweni, mbali huko kusini. Kila lango hutangaza namba kuonyesha ugumu wa kutokea hapo, na namba ndogo ndiyo hushinda. Lango la Diani nililiandikia ishirini. La Msambweni nikaliandikia kumi, kwa sababu laini mpya ya kule niliichagua mimi mwenyewe, na ukishafika pale langoni ilikuwa na kasi kwelikweli.

Shida ilikuwa kufika. Kutoka Galu hadi Msambweni tulitegemea waya mmoja mkongwe wa simu, ambao mvua ikinyesha hutambaa kama konokono.

Ruta ina namna mbili za kuchagua. Kwa namna ya kwanza, huchukua namba ya lango ikajumlisha na safari ya kulifikia. Kwa namna ya pili, hutazama namba ya lango peke yake, na safari ya ndani haijali, isipokuwa namba za malango zikilingana. Kisanduku huja kikiwa kwenye namna ya pili mpaka ukibadilishe. Haya yote yameandikwa kwenye kitabu kilichokuja na ruta. Kitabu changu nilikuwa nakiwekea kikombe cha chai!

Nilichora ramani ya mtandao kwa kalamu zangu nne, nikaibandika ofisini. Bi Mwanamisi akaitazama sana.

"Mwanangu, hapo Diani naweza kwenda kwa miguu. Kwani barua zangu zapelekwa Msambweni kufanya nini?"

"Lango la Msambweni ndilo bora, Bi."

"Na huu mwendo wa kufika huko, umeutia wapi?"

"Mashine haiangalii mwendo. Inaangalia lango."

"Basi hiyo mashine haijawahi kutembea," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka hadi nikamwaga chai juu ya kitabu!

Mvua za masika zikaja. Kundi kubwa la wageni likauliza vyumba, Bi Mwanamisi akajibu siku ileile, na jibu lake likakwama siku mbili kwenye ule waya. Wageni wakaenda hoteli nyingine. Meneja akatuita sote, akauliza mbele za watu: kosa ni la mashine au la mtu?

Nilijua ramani yangu. Nilikumbuka swali lake. Nikajibu, "Mashine haina kosa, meneja."

Meneja akamfukuza Bi Mwanamisi palepale. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na mmoja. Akachukua leso yake na kimto chake cha kukalia, akatuaga mmoja mmoja, hata mimi, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili niliomba kazi kwenye hoteli kubwa zaidi Mombasa, kwa barua pepe. Barua yangu ikafika muda wa maombi ukiwa umeshapita. Hapo ndipo nilipokifungua kitabu! Ya Bi Mwanamisi ilipochelewa sikukigusa. Yangu ilipochelewa nilikisoma kurasa zote, hata zilizogandamana kwa chai.

Nikabadilisha namna ya pili kuwa ya kwanza. Kazi ya dakika chache. Barua zote za Galu zikahamia lango la Diani, zikaanza kuruka.

Meneja akanipigapiga begani. "Kijana, umeona vile barua zinakimbia tangu huyo mama atoke? Si nilisema!" Akanipa kazi ya yule mama pia, na kile kiti.

Ole wangu! Barua ya kwanza niliyoifungua nikiwa kwenye kiti hicho ilitoka kwa mume na mke wazee wanaokuja kila mwaka. Walimuulizia Bi Mwanamisi, hajambo, mbona kanyamaza. Ilifika upesi ajabu.

Nikaenda Mwabungo. Nilimkuta akikaanga mahamri ya kuuza. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akageuza mahamri yaliyokuwa karaini, ndipo akanijibu.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini aliyenifukuza hakai Mwabungo. Mwendee huyo."

Akanifungia mahamri manne kwenye kipande cha gazeti. Nilipofika nyumbani nikayala, nikilia kama mtoto, na kwenye karatasi ile yenye mafuta nikaona ukurasa huu wenu wa maungamo.

Ninyi mafundi wenzangu, someni kitabu kabla hamjakiwekea kikombe. Na ukitaka kuapa kwamba mashine haina kosa, mtazame kwanza atakayebaki nalo.

Msiniige mimi. Barua hii inapanda basi hadi Nairobi, isomwe, ichapwe, irudi tena pwani hadi mezani kwa meneja wangu, kwa kuwa huko gazetini haniulizi mtu jina. Mlango wa meneja uko hatua kumi na mbili kutoka kiti nilichokalia. Nimezihesabu.