Bahati Alikimbia Bila Kuitwa

Harufu ya mafuta ya kitani ikinipata popote, hata nikiwa nimepita tu mbele ya fundi seremala, narudi palepale: chumba cha kufulia nguo cha maghorofa tuliyokaa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kiangazi cha mwaka 2015, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mashine za kukaushia zinanguruma, joto limejaa, sabuni inanukia, na chini ya meza ya kukunjia nguo umelala mfuko mrefu wa timu yetu. Ndani yake magongo matatu ya kriketi, yamepakwa mafuta hayo ili mbao zisipasuke. Wapangaji walilalamika kwamba shuka zao zinanuka kama meza mpya. Watu hushangaa nikiwaambia nilicheza kriketi. Mkongo na kriketi, wapi na wapi? Lakini mimi niliianza Uganda, kambini, kwa mwalimu aliyeipenda kuliko hesabu alizotakiwa kutufundisha. Na hapo Louisville majirani zetu wa chini walikuwa Wanepali, wakimbizi kama sisi, nao bila kriketi hawali wakashiba. Tukakutana hapo: watoto tisa wa Kinepali, mimi, na mdogo wangu Bahati. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nikisema mdogo wangu, mtu wa ofisi atanisahihisha, maana Bahati alizaliwa na mama mdogo, dada yake mama. Siku ya kuandikishwa kambini mama mdogo alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo mtoto akaandikwa kwenye faili letu. Faili letu likaenda Kentucky. La mama mdogo likakwama, likazunguka, mwishowe likatua Buffalo. Miaka minne mama na mtoto walionana kwenye simu tu, tena picha ikikatika kila mara mmoja akiwa amefungua mdomo. Gari la baba lilikuwa la kufika ghalani alikofanya kazi na kurudi. Kulipeleka mwendo wa saa nane mpaka Buffalo ingekuwa kumjaribu Mungu. Sasa kocha wetu, Dai Purna, alipotangaza kwamba kiangazi hicho tutacheza mechi mbili kubwa, ya kwanza Columbus na ya pili Buffalo, nadhani Bahati hakulisikia kabisa jina la Columbus. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku hiyohiyo alitoa mfuko chini ya kitanda akaanza kufunga mzigo: kitenge alichokitoa mama, samaki wakavu ndani ya magazeti, na picha zake za shule, moja ya kila mwaka.

Dai, kwa Kinepali, ni kaka mkubwa. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, mgongo mbovu, sauti ya mhubiri. Gari aliloazima lilikuwa na viti kumi na viwili, chake na vya wachezaji kumi na mmoja, na sisi hatukuwa tena kumi na mmoja, kwa sababu mwezi wa sita alihamia mtoto mwingine, Sujan, aliyerusha mpira ukapinda kama nyoka. Columbus hakwenda, alikuwa na tetekuwanga. Lakini kila mtu alijua kwamba Buffalo atakwenda, na kwamba mmoja wetu atabaki.

Ile ya Columbus tuliiita Test, kwa jina la mechi za mataifa zinazochukua siku tano. Yetu ilikuwa ya siku mbili, lakini kila timu ilipiga mara mbili kama wao, na tulivaa nyeupe kama wao. Mimi nilivaa sketi ya kwaya juu ya suruali, maana mama alisema binti yake hatakimbizana na suruali mbele ya watu wazima. Tulilala Hilliard, kitongoji cha Columbus, kwenye zulia la ndugu yake Dai, tukala wali na dengu hadi kocha akatukataza. Siku ya kwanza tulicheza vizuri, lazima niseme. Siku ya pili, saa za alasiri, tulibakiza mikimbio thelathini na nane tushinde, na wapigaji tuliokuwa uwanjani tulikuwa mimi na Bahati.

Kwa asiyejua: wapigaji huwa wawili, mmoja kila upande wa njia. Mpira ukipigwa wanakimbia kupishana, kila kupishana ni mkimbio mmoja, na mpira ukiangusha vijiti vilivyosimikwa upande wako kabla hujafika, umetoka. Anayeuona mpira ndiye anayeita, na mwenzake hukimbia bila kugeuza shingo. Hiyo imani ndiyo mchezo wenyewe. Wenzetu wakiitana kwa Kinepali, Wanepali wa Columbus walielewa kila neno. Mimi na Bahati tuliitana kwa Kiswahili chetu cha Kivu, na hakuna aliyetuelewa, si wapinzani, si wenzetu, si Dai. "Kuya!" ni njoo. "Rudia!" ni rudi. Tulikuwa tunawatesa. Kijana mmoja wa Columbus alilalamika kwa mwamuzi kwamba tunaroga.

Basi nikaupiga mpira kushoto, polepole, nikapiga kelele, "Kuya!" Bahati akaja. Nilipiga hatua mbili, nikamwona kijana wao mmoja mwenye mikono mirefu ameshauinamia mpira. Nikasimama. "Rudia! Rudia!" Bahati alikuwa ameshapita katikati. Akageuka, viatu vya shule vikateleza kwenye nyasi, akaanguka kwa magoti, na vijiti vikaruka mbele yake. Alinyanyuka akanitazama kidogo tu, kisha akatoka huku anafuta majani kwenye suruali. Mimi nikatolewa mipira miwili baadaye. Tukashindwa kwa mikimbio ishirini na tisa.

Dai alikuwa na desturi yake. Baada ya kila mechi mmoja wetu huandika uchambuzi, kwa nini tumeshinda au tumeshindwa na tutegemee nini mbele, na karatasi hubandikwa ukutani kwenye chumba cha kufulia. Safari hiyo alinipa mimi. "Wewe kila siku unaandika kwenye daftari lako," alisema, "na huna upendeleo." Niliandika kurasa mbili kwa Kiingereza changu cha shule, na kwa kweli nilijitahidi kuwa wa haki. Niliandika kwamba aliyeangusha mpira mara mbili asilaumiwe, jua lilikuwa machoni mwake. Niliandika kwamba Columbus walitushinda kwa mazoezi, si kwa bahati. Nilimkosoa hata Dai kwa kumchosha mrushaji wetu asubuhi. Nikafika kwenye ile mbio. Kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Kisha nikaandika: Bahati alikimbia bila kuitwa. Na kwa kuwa sentensi ilikuwa imekaa vizuri, nikaongeza nyingine chini ya kichwa cha matarajio: Buffalo tunahitaji wapigaji wenye masikio. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mambo kumi ya kweli ndiyo yaliyoubeba ule uongo mmoja. Mtu akiwa wa haki kwa watu kumi, nani atamchunguza kwa wa kumi na moja?

Watoto waliisoma wakacheka. "Masikio!" wakaanza kumwita. "Masikio, mama yako anakuita! Ah, hasikii!" Dai hakucheka. Alizima mashine moja iliyokuwa inapiga kelele, akamuuliza Bahati mbele ya wote, "Dada yako alikuita au hakukuita?" Bahati alinitazama. Nilikuwa nimeshika kona ya meza. Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, nimeupima mara nyingi tangu siku hiyo. "Sikumbuki," Bahati alijibu kwa Kiingereza. Dai akapumua, akachukua kalamu, akafuta jina moja kwenye orodha ya Buffalo, akaandika Sujan.

Jioni nilimkuta Bahati jikoni anamenya viazi, kazi ambayo ilikuwa yangu. Mama alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. Ona ujasiri wangu: nilimuuliza kwa hasira.

"Bon, yaya, mbele ya watu nilikuwa naweza sema nini?" Yaya, kwetu, ni yule aliyekutangulia kuzaliwa. "Nikuvue nguo mbele ya Wanepali? Uko yaya yangu, hapana?"

"Ungekimbia sana, ungefika."

"Ndiyo," alisema. "Pengine." Akaendelea kumenya. Halafu akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na ule mfuko wa chini ya kitanda. "Mupe mama. Umuambie nimekuwa murefu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya saa nane kwenda na nane kurudi, mfuko wa samaki mapajani, na Sujan pembeni yangu anauliza kila kitu kwa furaha. Naye hakuwa na kosa lolote, naomba lieleweke. Buffalo kulikuwa na upepo kutoka ziwani ulioupindisha mpira hata kabla haujamfikia mpigaji. Mama mdogo alikuja uwanjani amevaa sare ya kazini ya rangi ya buluu, amebadilishana zamu na mwenzake, amebeba sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, iliyofungwa kwa taulo. Hatukuwa tumempigia simu kumwambia kwamba Bahati haji. Mama alisema nitamweleza mwenyewe, kwa kuwa mama aliamini, kama wote, kwamba sababu ilikuwa ya kriketi tu. Nilimwona ananyoosha shingo, anawapitia wachezaji mmoja mmoja. Akamwelekezea kidole Sujan, aliyekuwa mbali, ametupa mgongo.

"Ni ile yenye kofia? Mungu wangu, mutoto amekuwa murefu hivi!"

Akaanza kukimbia. Mwanamke mzima na sufuria mkononi, anakimbia ndani ya uwanja. Ilibidi nimshike mkono.

"Mama mdogo, Bahati hakuja. Gari lilijaa."

Maneno yale ni ya kweli. Ukihesabu viti, ni ya kweli kabisa. Alisimama, akarekebisha taulo la sufuria, akasema, "Bon. Donc, tutakula sisi." Nilimpa ule mfuko, akakaa pembeni mpaka mwisho, akanipigia makofi kila nilipoupiga mpira, na samaki wa mwanawe magotini. Tulishinda. Sujan aliwatoa watu sita. Kwenye gari mtoto mmoja alisema uchambuzi wangu ulikuwa sawa kabisa. Kama Bahati angekuwepo tungeshinda pia? Sijui. Sitaki kusema tungeshindwa, wala kusema tungeshinda, kwa kuwa yote mawili yangenisaidia.

Mama mdogo alikuja Louisville kwa basi wakati wa Pasaka iliyofuata, na mlangoni alimpa Bahati mkono kama mgeni kabla hawajakumbatiana. Hiyo ni miezi minane iliyoongezeka juu ya miaka minne, na aliyeiongeza ni mimi.

Sasa niko ghalani kama baba, kiongozi wa zamu. Kazi ikichelewa mimi ndiye ninayeandika ripoti, nani alikosea wapi, na wakubwa wanasema ripoti zangu hazina upendeleo. Nikilisikia neno hilo narudi kuisoma ripoti upya. Huwa naanza na makosa yangu, kisha najiuliza kama hiyo nayo si ujanja wa kuaminiwa. Mwaka jana nilikwenda Columbus, anakokaa Bahati siku hizi; anaendesha lori, na Jumapili mchana, akitoka kanisani, anacheza kriketi kulekule Hilliard. Nilikaa kwenye nyasi nikamtazama. Amekuwa mrefu kweli. Mwenzake akaupiga mpira akamwita, na mbio ilikuwa rahisi, hata mimi niliiona. Bahati hakusogea. Aligeuza shingo kwanza, akautafuta mpira kwa macho yake mwenyewe, akaona, ndipo akaondoka, na akafika kwa shida. "Yule huwa hivyo," akasema mzee mmoja wa Kinepali kando yangu. "Anapiga vizuri sana, lakini umwite vipi, haji mpaka aone."

Mchezo ulipokwisha nilimfuata nikaanza, "Bahati, ile mechi yetu ya hapa Columbus..." Akanipa sahani. "Yaya, kula kwanza," alisema. Nikala. Mpaka narudi Louisville sikuwa nimesema. Ndiyo maana naandika hapa, kwa Kiswahili, lugha niliyomwitia, uchambuzi wa mechi ile kama nilivyopaswa kuuandika: tulibakiza mikimbio thelathini na nane. Niliita. Bahati alikuja.