Nyama ya Ijumaa na Majirani Wasiojulikana

"Kiti cha wilaya hii hakinunuliki," Ardis Nygaard alisema Ijumaa moja ya mwezi wa tano, amesimama juu ya kreti ya bia katika baa ya Rudy, mbele ya watu kama mia mbili waliokuja kula samaki wa kukaanga. "Na anayedhani kinanunuliwa, aje aniulize mimi bei."

Watu walipiga meza. Mimi nilipiga nikamwaga bia ya mtu.

Ardis aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Hapa kwetu Wisconsin vijijini, ni wachache walio chini ya miaka arobaini ambao hajawahi kuwafokea kupitia kile kioo cha juu ya usukani. Siasa hakuzitaka, alitaka maji. Kampuni ya Holbrandt ilileta ng'ombe elfu tisa kule kilimani, samadi yao ikamwagwa mashambani mpaka ikazama kwenye visima vyetu, na nesi akamwonya Kirsa, mjukuu wa Ardis, asikoroge maziwa ya mtoto wake kwa maji ya nyumbani. Mtoto alikuwa na miezi miwili. Ardis akajiandikisha kugombea bunge la jimbo kwa ahadi mbili: samadi ikae mbali na visima, na anayelipia tangazo la siasa aandike jina lake kwa herufi kubwa sawa na matusi yake.

Pesa za kampeni tulizipata kama tunavyopata za jezi, za mgonjwa na za paa la kanisa: kwa bahati nasibu ya nyama. Unanunua tiketi kwa dola moja, Rudy anazungusha gurudumu, mshindi anaondoka na mbavu za nguruwe. Delmar, mume wa Ardis, ndiye alikuwa mweka hazina. Kila Ijumaa aliandika kiasi kwenye daftari, na mbele yake: "watu wa samaki." Hakuona kasoro. Hata mimi, niliyesoma uhasibu mihula mitatu mizima, sikuiona.

Mwezi wa tisa zikaanza kadi. Kila sanduku la barua, kila siku mbili, kadi nene inayong'aa yenye picha ya Ardis akionekana kama maiti aliyeudhiwa. Kadi zilisema: anataka kufunga mashamba ya maziwa. Atakupandishia kodi. Mtumaji: Majirani wa Maziwa Safi. Majirani hao tuliwatafuta. Anwani yao ilikuwa sanduku la posta mjini Madison, mwendo wa saa tatu kwa gari. Ujirani wa kweli.

Mpinzani wake, Trent Kessenich, muuza bima, alikuwa akila kwenye baa ya Rudy. Ardis akamuuliza hao majirani ni akina nani.

"Mama Ardis, sijawatuma mimi," Trent akasema. "Ni kundi la nje, na sheria hairuhusu mgombea hata kuongea nao."

"Basi waambie waache."

"Ndiyo hivyo, siruhusiwi kuongea nao."

Ardis akamtazama kwa jicho lile la kwenye kioo. "Trent, ulitapika kwenye basi langu mara nne. Na mara zote nne ulisema si wewe."

Baa nzima ilicheka, Trent naye akacheka. Kicheko kile ndicho kitu pekee tulichoshinda mwaka ule.

Wiki mbili kabla ya kura, mtu ambaye Ardis hakumjua akamshtaki kwenye ofisi inayosimamia pesa za kampeni. Binti wa ofisini alipiga simu, mpole sana, akataka majina na anwani za waliochanga.

"Watu wa samaki," Delmar akajibu.

Binti akaeleza kwamba pesa zisizo na jina haziruhusiwi. Ardis akachukua simu. "Na hao Majirani, wao majina yao mnayo?"

Binti akajibu: "Wao hawahesabiwi kama kampeni, mama. Wanahesabiwa kama wanaelimisha umma. Hawalazimiki."

Akapigwa faini, na zile pesa za nyama akaamriwa azitoe sadaka. Siku tatu baadaye kadi ya mwisho ikafika, nyekundu: ARDIS NYGAARD NA PESA ZAKE ZA SIRI. Hata Rudy, aliyezungusha gurudumu lile kwa mkono wake, aliisoma mara mbili, kisha akamuuliza Delmar kama kweli hakuna kitu wanachoficha.

Ardis alishindwa kwa kura mia sita na kumi na moja. Majirani hawajaonekana tena, wala kadi. Trent ameapishwa, na muswada wake wa kwanza unaruhusu samadi imwagwe karibu zaidi na visima. Ardis bado anazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ya kukusanya sahihi, ya kudai wanaolipia matangazo waandike majina yao. Watu wanamkaribisha kahawa, wanasema wataifikiria. Kahawa yenyewe hawaipiki kwa maji ya bombani.

Kila Alhamisi anaendesha gari hadi dukani kumnunulia Kirsa maji ya mtoto. Chupa ya galoni tano ni dola saba na senti tisini na tisa.