Kidole Juu ya Moyo wa Muuza Nyama

Hospitalini kwetu daktari huyu tunamwita Mama Ubishi, naye anajua na wala hajali. Mama yake mzazi husema binti huyu alizaliwa akimbishia mkunga. Kazi yake ya kila siku ni ngiri, apendiksi na uzazi mgumu. Mimi ni muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, na atakayemsema vibaya mbele yangu atanitambua.

Mchana mmoja muuza nyama wa sokoni aliletwa na mkewe. Alikuwa akichambua mbavu, kisu kikateleza kikamwingia chini ya titi la kushoto. Alikichomoa mwenyewe, akakiosha, akakipanguza, akakitundika mahali pake bandani, ndipo akaita mtu. Mazoea yana taabu! Kisu kile ndicho kilichokuwa kimeziba tundu.

Jeraha lilikuwa dogo, damu haba. Mganga mkuu akachungulia. "Shona ngozi, apelekwe rufaa. Moyo si kazi yetu."

Mama Ubishi alikuwa akitazama shingo ya mgonjwa. Mishipa imetutumka, presha inashuka, mapigo ya moyo yanasikika kwa mbali. Akapitisha kipimo cha ultrasaundi kifuani: damu ilikuwa imejaa katika mfuko unaouzunguka moyo, ikiubana usiweze kutanuka.

"Huyu hafiki hata darajani," akasema. "Tunampasua hapa hapa."

"Akifia mezani, ni juu yako."

"Na akifia njiani, ni juu ya nani? Dereva?"

Mke wa muuza nyama akasema, "Dada, mpasue. Mume ni wangu."

Tukakifungua kifua. Mfuko ulipokatwa damu iliruka, na ule moyo uliokuwa ukijikokota ukaanza kudunda kwa nguvu. Mama Ubishi akaliziba tundu kwa kidole, akashona pembeni mwake, pigo kwa pigo.

Majuma baadaye aliitwa mbele ya kamati aeleze kwa nini alikiuka utaratibu. Akaingia na muuza nyama, shati wazi, kovu bado bichi.

"Maelezo yangu ndiyo haya," akasema. "Yamekuja kwa miguu."

Mganga mkuu, naye mjumbe wa kamati, akalitazama kovu. "Na ukiletewa mwingine?"

"Nitapasua."