Mtoto Aliyesoma Maua

Mwanangu alikuwa msomaji maarufu kabla hajajua kusoma. Najua mtu akisikia hivyo ataniona nimechanganyikiwa, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mashahidi ninao mtaa mzima.

Nauza kanga Kariakoo, kwenye fremu ndogo ya duka upande wa Msimbazi, na binti yangu amekulia humo. Akitoka shule anavua viatu, anapanda juu ya robota la kanga, anakaa. Mteja akinyoosha kidole kwenye doti iliyotundikwa juu na kuuliza jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, mtoto ndiye anayejibu. Nani kama mama. Wema hauozi. Yuko darasa la pili tu, lakini maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Wateja wanashangaa, wanampa pipi, na mimi kichwa kinavimba. Walioniuliza anasoma wapi niliwajibu kwa sauti ya kusikika fremu ya tatu: hapo nyuma, shule ya serikali, ndiyo, Kayumba hiyohiyo mnayoicheka.

Maana hapa mjini shule za msingi za serikali tumezipa jina hilo, Kayumba, na wengine wanaliongezea "Saint" mbele ili lifanane na majina ya shule za wenye pesa. Dada yangu ndiye kinara wao. Anakaa Mbezi, watoto wake wanafuatwa na basi la njano mpaka getini, wanasoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Alikuwa akija dukani kwangu na kumkuta mwanangu anataja majina ya kanga, ananyamaza. Raha niliyokuwa naipata kumwona dada yangu amenyamaza siwezi kuieleza.

Basi, Ijumaa moja alikuja mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anahema. Mama mkwe wake amefika kutoka Tanga, nyumba imejaa wageni, anataka doti ya kumpokelea, na miwani ameisahau kwake. Juu pale kulikuwa na kanga ya korosho kubwa nyekundu na pindo la vidoti, mzigo mpya. Akauliza jina lake. Mtoto akamjibu bila kusita: Nani kama mama. Mimi nilikuwa nakunja doti nyingine, nikatupa jicho, nikaona korosho zilezile ninazozijua, nikafunga. Mama wa watu akaondoka mbio.

Kesho yake alirudi, na hakunisalimu. Aliitandaza ile kanga juu ya meza yangu, akaniambia nisome. Nikasoma. "Ya ndani kwangu hayakuhusu." Kumbe kiwanda kilichapa maua yaleyale na pindo lilelile, kikabadilisha maneno. Mama mkwe alikuwa ameifungua mbele ya wageni wote, akaisoma mwenyewe kwa sauti, akaikunja, akaomba nauli ya kurudi Tanga. Leo nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma. Siku ile sikucheka. Nilimbadilishia, nikamwomba radhi, na yeye akanishauri mtoto nimpeleke kwa daktari wa macho.

Macho yake mazima. Alipoondoka nilimwita mtoto, nikachukua kanga nyingine kabisa, nikayafunika maua kwa viganja na kuacha maneno peke yake. Nikamwambia asome. Akayatazama. Kisha akaanza kuinamisha kichwa, mara upande huu, mara upande ule, anachungulia chini ya mkono wangu. Alikuwa anatafuta ua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanangu alikuwa hasomi. Alizijua kanga kama ninavyozijua mimi, kwa ua na pindo, na majina aliyadaka kutoka mdomoni mwangu. Nikamletea kitabu chake cha shule, nikaifunika picha ya mbuzi, na hadithi ya mbuzi ikakata palepale. Hakulia. Alinitazama tu kama mtu aliyefumaniwa. Niliumia, na sikuwa na wa kumlaumu.

Kariakoo habari haikai. Kabla jua halijazama dada yangu alishapiga simu. Nilijiandaa kwa matusi, lakini aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Alisema shule zikifungwa Desemba atakuja kumchukua mtoto, akae kwake Mbezi, aanze upya kwenye shule ya maana, na mimi nitamwona wikiendi. Baba wa mtoto ni mtu wa bandarini, anaondoka mtoto hajaamka na kurudi keshalala. Nilipomwambia alijikuna kichwa, akasema nitakaloamua ni sawa. Wanaume bwana, kwenye lawama hawataki kuwepo.

Mtoto mwenyewe ni huyo mmoja. Nilale nyumba isiyo na kelele zake, niamke nisione kandambili zake mlangoni, halafu nimwone wikiendi kama ndugu wa mbali? Lakini na mimi si mjinga. Kama shule ni mbovu, mapenzi yangu hayatamfundisha kusoma. Nikamwambia dada sawa, Desemba, ila hii shule yake ya sasa nitaikagua mwenyewe kwanza. Na mtoto asiambiwe kitu.

Nilianza kwa kuuliza watu, na nilijuta. Jirani yangu wa kushoto anapima shule kwa rangi ya ukuta. Wa kulia anapima kwa matokeo ya darasa la saba, utafikiri mwanangu anafanya mtihani huo kesho. Mmoja aliniambia shule nzuri utaijua kwa soksi za wanafunzi. Mimi mtu wa vitambaa. Kitambaa hakinunuliwi kwa kukitazama kikiwa kimetundikwa, unakigeuza upande wa ndani, unakivuta, unakilowesha kidogo uone kama kinachuja. Nikamwachia jirani duka, nikaenda shuleni kwa mwanangu.

Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanielekeza kwenye ubao wa matokeo. Nikamwambia kwa adabu kwamba nimekuja kwa ajili ya darasa la pili, na kabla ya darasa ningependa kuona choo. Alishtuka, lakini akaniruhusu. Choo kilifagiliwa ila hakikuwa na maji, na nilimwambia papo hapo, na kwenye mkutano wa wazazi nikalirudia kwa sauti mpaka wakanichagua kwenye kamati ili nipate mahali pa kupigia kelele. Maji yalikuja. Sirefushi hilo, nalisema tu ili mtu asidhani nilikwenda kusifia.

Darasani nilipewa kiti nyuma. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, na nje kuna honi, wapiga debe, spika za wauza nguo. Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza kwa chaki, akawa anapita na fimbo juu ya maneno ubaoni na darasa zima linaitikia. Raha kusikiliza. Mtu wa haraka angeondoka na kusema hawa wanasoma. Mimi nikamtazama wangu. Mdomo wake ulikuwa unafunguka nyuma kidogo ya wenzake, kila neno. Anasubiri sauti ipite, anaidandia.

Walipotoka kwenda mapumziko nilimfuata mwalimu mezani. Damu ilikuwa imeshanipanda.

"Mwalimu, mwanangu hajui kusoma."

"Najua," akasema.

Najua! Nilikuwa nimejipanga kwa kubishiwa. Nikamuuliza kama anajua, amekaa kimya kwa nini. Akaniambia hakukaa kimya, amemtuma mtoto mara kadhaa aniite, na mtoto kila mara anarudi na jibu kwamba mama yuko dukani. Kisha akaanza kunionyesha madawati, huyu, na huyu, na yule wa dirishani. Anawaita watoto wa lifti, wanaosafiri kwa sauti za wenzao. Alijua nani anakwama kwenye herufi gani. Wa kwangu, akasema, ana kumbukumbu kali mno, na hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu mtoto anayekumbuka kila kitu haoni sababu ya kusoma. Nikakaa chini.

Shule ina zamu mbili, asubuhi na mchana, na katikati pana nafasi fupi ambayo walimu wanakula. Mwalimu yule nafasi hiyo huwachukua watoto wake wa lifti mpaka kwenye ngazi za ghorofa, anawasomesha mmoja mmoja, bila picha. Wangu alikuwa akizikwepa ngazi hizo na kukimbilia dukani kwangu, kwenye pipi na sifa. Nilibaki nione. Kijana mmoja mdogo alipewa kadi yenye neno "mnyororo". Akakwama. Mimi ni mtu wa Kariakoo, mteja akisita namalizia sentensi yake, kwa hiyo neno lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Mwalimu akanitazama jicho moja tu, nikafunga mdomo. Na yeye akasubiri. Hakugonga fimbo, hakusonya, hakumwambia mwenzake amsaidie. Alisubiri mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba ya yule mtoto, akaendelea kusubiri. Mtoto akaipata mnyo, akapumzika, akaipata yote. Mwalimu akasema haya, anayefuata, na chakula chake bado kimefungwa kwenye hotpoti.

Hapo niliipima shule, na sikuwa na wasiwasi tena na kipimo changu. Wasiojua wako kila shule, hata kwenye mabasi ya njano wamo. Swali ni kama kuna mtu anayewajua. Nilitoka pale nimeamua kwamba shule ni nzuri. Nilichokuwa sijui ni kama muda unatosha.

Kuanzia siku ile mtoto hakuruhusiwa kuja dukani kabla ya ngazi. Alinuna. Mteja akiuliza jina la kanga anajifanya anatafuta kitu nyuma ya robota, na wateja wakaanza kuniuliza mtoto amepatwa na nini. Nikimpa kitu asome anashika neno la kwanza na kuniangalia usoni, anatafuta jibu kwenye macho yangu, nami nikajifunza kuwa na uso wa gogo. Halafu zikaja mvua za vuli, bonde la Jangwani likajaa maji, barabara ikafungwa. Mwalimu anakaa ng'ambo ile. Wiki ile hapakuwa na ngazi. Nilisimama mlangoni nikiitukana mvua kama mtu, na dada akapiga simu kuuliza mtoto anavaa viatu namba ngapi.

Desemba ikafika kama deni. Dada alikuja asubuhi, amevaa vizuri, na begi jipya la magurudumu. Mtoto aliliona begi, akauliza la nani, na dada akalisogeza nyuma ya meza. Dada akaniambia pembeni tusipoteze muda. Nikamwambia amsikilize kwanza akisoma. Nikainuka nishushe kanga, akanizuia.

"Hizo keshazikariri. Asome lile."

Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Fremu ya mbele ilipata mpangaji mpya, na fundi alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye ngazi yake, bango limetundikwa asubuhi ileile. Hata mimi nilikuwa sijalisoma. Lilikuwa na maandishi matupu, meusi juu ya njano. Nilitaka kumkatalia, nikaona nikikataa nimeshajibu.

Mtoto akashuka kwenye robota, akasimama mlangoni. Akaanza. Wa. Wau. Wauzaji. Wauzaji wa. Mkokoteni ukapita na mzigo mrefu, ukalifunika bango, naye akanyamaza, akasubiri mpaka upite. Moyo wangu ukaruka pale, maana yule wa zamani asingesubiri chochote, angejaza tu. Mkokoteni ukapita. Vi. Vifu. Akakwama.

Mimi niliung'ata upande wa ndani wa shavu. Dada yangu si mtu mbaya, na alimwonea huruma, akainama na kufungua mdomo amsaidie. Mtoto akainua kiganja bila kumtazama.

"Usiniambie, mama mkubwa."

Akarudi mwanzo. Vi. Vifu. Midomo ikacheza bila sauti. Vifunga. Vifungashi. Akalisema zima, vifungashio, kisha jumla na rejareja akazimaliza kwa mbio kama mtu anayeteremka mlima. Akageuka, amekunja uso.

"Mama, vifungashio ndiyo nini?"

Hajawahi kulisikia neno hilo maisha yake yote. Kwetu tunasema mifuko na maboksi. Nikamweleza, kisha nikaliinua lile begi jipya, nikampa dada yangu mkononi.

"Mtoto haendi," nikamwambia.